Asubuhi ya kwanza ya jua baada ya dhoruba ya theluji: pima mteremko kabla ya kuukanyaga

Dhoruba yenyewe hainisumbui sana. Ikipiga siku tatu mfululizo, kila mtu anakaa kibandani, anakausha soksi, analala. Ninayoiogopa ni asubuhi ya nne: mbingu buluu, upepo umetulia, theluji imelala juu ya kila kitu kama pamba iliyochambuliwa jana, na watu wazima wanafunga skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mbiombio kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Wakati huo mlima umebebeshwa mzigo mpya ambao bado haujashikamana na ule wa zamani.

Msimu wangu wa nne wa kutembea milimani kwa skii nilitoka asubuhi ya namna hiyo nikiwa na wenzangu wanne. Mmoja wetu alifukiwa na poromoko la theluji. Tulimtoa akiwa hai, na tulivyomtoa nitaeleza mbele. Kesho yake nilimpigia simu mzee aliyenifundisha mambo haya, nikamsimulia yote: theluji ilivyoanguka, upepo ulikotoka, ufa ulivyokimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mteremko wenyewe ulikuwa digrii ngapi, binti?"

"Haukuwa mkali sana, Mzee."

"Sikukuuliza kama ni mkali. Nimekuuliza digrii ngapi."

Sikujua. Ramani nilikuwa nayo begini, dira yenye kipimo cha mwinamo ilikuwa shingoni, na sikujua. Jioni hiyo nikaupima kwenye ramani: 37.

Misimu kumi imepita tangu hapo na sasa ni mimi ninayeongoza vikundi vidogo nje ya viwanja vya skii, kule ambako hakuna doria iliyotangulia kulipua miteremko asubuhi ili theluji ya hatari ishuke kabla ya watu. Theluji bado inanishinda kuisoma mara nyingi. Siwezi kuona tabaka lililo sentimita 70 chini ya miguu yangu, na lile nililolichimbua hapa huenda halifanani na lililo hatua ishirini mbele. Pembe ya mteremko ni kitu kingine. Haihitaji kipaji, inapimika kwa fimbo, na ukishaijua umejua jambo moja la hakika katika siku iliyojaa makisio. Kwa hiyo katika maelezo haya utaniona nikirudi kwenye pembe kila mara. Na hayachukui nafasi ya mafunzo ya uwanjani, maana kutafuta mtu aliyefukiwa hakufundishiki kwa maandishi.

Godoro juu ya shanga

Kuna poromoko la theluji laini isiyoshikana. Huanza mahali padogo kama sarafu na kupanuka likishuka, umbo lake kama upawa uliopinduliwa. Linaweza kukusukuma ukaangukia gengeni, lakini si hilo linalomaliza watu wengi. Linalomaliza ni bamba, yaani theluji iliyoshikana ikawa kipande kimoja, ikalala juu ya tabaka dhaifu.

Chukua ubao ulioinama, mwaga shanga juu yake, kisha tandika godoro. Godoro litakaa, hata siku nzima. Mtoto akija kulirukia mahali pamoja, shanga za hapo zinabingirika, zinazisukuma za jirani, na godoro zima linaondoka na mtoto akiwa katikati. Ndivyo ilivyo mlimani. Ufa hufunguka juu yako, si chini ya miguu yako, na wewe unakuwa abiria. Bamba kavu likishapata mwendo linapita kilomita 100 kwa saa. Katika ajali za watu wanaotembea kwa starehe, takriban tisa kati ya kila kumi poromoko limeanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake wa kundi moja. Mimi takwimu hiyo hunipa moyo. Kama ni sisi tunaolianzisha, basi ni sisi tunaoweza kuliacha lilale.

Shanga zinatoka wapi? Aina ya kwanza hutengenezwa na dhoruba yenyewe. Ikianza kwa baridi kali, theluji ya chini inakuwa nyepesi; joto likipanda kabla ya mwisho, ya juu inaanguka nzito. Nzito juu ya nyepesi ni mjengo wa kichwa chini miguu juu. Udhaifu wa namna hii huwa unapona ndani ya siku moja, mbili au tatu, theluji inapojikandamiza.

Aina ya pili haina haraka hiyo. Usiku mtulivu, usio na mawingu, huacha juu ya theluji manyoya ya barafu yanayometameta, umande ulioganda. Asubuhi yanapendeza mno na watu huyapiga picha. Yakifunikwa na dhoruba inayofuata kabla ya jua au upepo kuyaharibu, yanakuwa tabaka dhaifu ambalo linaweza kudumu wiki kadhaa. Pia mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa nyembamba na baridi kali, ile iliyo karibu na ardhi hugeuka chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari ya kuwekea chai. Ukiitia mkononi haifinyangiki. Sukari hiyo ikibebeshwa dhoruba juu yake, hesabu ya siku mbili tatu niliyotaja haifai tena.

Jioni ya kabla

Kazi kubwa hufanyika mezani. Kwanza nasoma taarifa ya hatari ya maporomoko, ambayo nchi nyingi zenye milima ya theluji huitoa kila siku wakati wa baridi. Kiwango huwa cha ngazi tano: 1 ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa sana. Wengi husoma namba tu na wakiona 3 wanasema ah, ni katikati, iko sawa. Ngazi ya 3 ndiyo inayochukua watu wengi kuliko zote, kwa sababu ikiwa 4 au 5 watu wenye akili zao hubaki nyumbani, na ikiwa 1 mlima wenyewe umetulia. Kwenye 3 mtu mmoja tu aliyekanyaga mahali pabaya anatosha kuangusha mteremko, na bado siku inaonekana ya kutembelea.

Muhimu kuliko namba ni maneno yaliyo chini yake: tatizo ni la aina gani, liko kuanzia kimo gani, na liko kwenye miteremko inayotazama upande upi. Kaskazini mwa ikweta miteremko inayotazama kaskazini ndiyo ya kivulini, ambako baridi huhifadhi udhaifu kwa muda mrefu. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Nikisoma "bamba la upepo, juu ya mita 2,200, kaskazini hadi mashariki", nachukua penseli na kutia kivuli sehemu hizo zote kwenye ramani. Kesho hatutapita hapo, hata tukifika tukapaona pazuri namna gani.

Kisha napima pembe. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya kimo kila mita 20, mistari ikikaribiana chini ya milimita 1.4 mteremko umepita digrii 30. Nina kipande cha plastiki nilichokichora alama hiyo kwa sindano, nakitembeza juu ya njia yote. Siku hizi kuna ramani za simu zinazopaka rangi miteremko ya zaidi ya 30, na ninazitumia, ila ramani ya simu haioni kijiteremko cha urefu wa mita nane chini ya mti, na kijiteremko hicho kinatosha kumfukia mtu kama kinamwagikia kwenye korongo.

Kwa nini 30? Mabamba karibu yote yanayoua watu huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, na kilele cha balaa kiko kama 38. Mkali kuliko hapo theluji haikai, hujimwaga kidogo kidogo; wa chini ya 30 ni nadra kuachia. Bahati mbaya, digrii 35 hadi 40 ndizo zinazofurahisha kushuka. Kwa hiyo kanuni yangu katika saa 48 za kwanza baada ya dhoruba ni fupi: hakuna mteremko wa zaidi ya 30, na hakuna kupita chini ya mteremko wa zaidi ya 30.

Hilo la pili ndilo lililotukuta sisi. Tulikuwa tambarare kabisa.

Upepo ndio mchukuzi

Swali la "imeanguka kiasi gani?" lina jibu la haraka: sentimita 30 ndani ya saa 24 zinanitosha kubadili mpango. Ila upepo ukiwa mkali na baridi imekaza, hata 10 au 20 zinatosha, kwa sababu upepo haungoji theluji ianguke. Unaizoa kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuitua upande wa pili, kwa kasi inayoweza kuwa mara kumi ya ile inayoanguka kutoka mawinguni. Nimewahi kuvuka mgongo ambao upande mmoja mawe yalikuwa wazi, na hatua tano upande wa pili ufito wa mita 2.4 haukugusa chini.

Mabaharia wana maneno mazuri ya jambo hili: upande wa joshi ni ule upepo unakotokea, na upande wa demani ni ule unakoelekea. Joshi la mlima huwa gumu, limechanwa mistari, theluji yake haba. Demani ndiko bohari liliko. Pale juu kabisa ya demani utaona upenu wa theluji, umetokeza hewani kama upenu wa nyumba. Usiusogelee kutoka juu ukidhani umesimama juu ya jabali. Upenu hukatikia nyuma zaidi ya unavyodhani, na ukianguka unaweza kuamsha mteremko mzima ulio chini yake. Usikae chini yake kula mkate pia.

Bamba la upepo lina sauti na mguso wake. Linalia kama ngoma iliyolegea ukiligonga kwa fimbo, uso wake hauna kung'aa, na fimbo ukiichomeka inapita juu kwa shida kisha inadondoka ghafla kwenye kitu laini. Gumu juu, laini chini. Ukikuta hivyo mara tatu mfululizo, geuza njia.

Mlima unaposema wenyewe

Zipo dalili ambazo hazihitaji utaalamu, na mojawapo ikitokea siku hiyo nimeshamaliza mjadala. Poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako, pembe ile ile na upande ule ule, ni jibu tayari. Nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii, hata za mita moja, ni jibu. Joto linalopanda ghafla, mvua juu ya theluji, mipira ya theluji inayobingirika yenyewe kutoka chini ya miti mchana jua linapochoma, hayo nayo.

Halafu kuna vumu. Ni sauti nzito, fupi, unaisikia zaidi kwa magoti kuliko kwa masikio, kama mtu aliyedondosha gunia kwenye chumba cha chini. Ni tabaka dhaifu linaloporomoka chini yako na hewa inayotoka. Siku yetu tuliisikia mara mbili tukiwa kwenye uwanda kabla ya saa tatu asubuhi. Mara ya kwanza tulicheka. Nakumbuka kabisa, mmoja alisema mlima umejamba, tukacheka wote. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kufunga kamba ya ngozi ya kupandia, ukanda unaobandikwa chini ya skii ili isirudi nyuma, chini ya mteremko ule, nikiwa nimewasimamisha wenzangu pamoja nami. Vumu ilipita chini yetu, ikaenda kwenye tako la mteremko, ikapanda. Ufa ulifunguka mbali juu yetu kama mstari wa kalamu. Tulikuwa hatujaukanyaga mteremko hata kwa hatua moja.

Ndivyo inavyowezekana kuliangusha bamba ukiwa chini yake, au pembeni, au juu mgongoni. Shanga zimeungana hadi huko uliko.

Kuhusu kuchimba shimo na kupima tabaka: jifunze, ni elimu nzuri. Unakata nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30, unaweka koleo juu, unagonga mara kumi kwa kifundo cha mkono, kumi kwa kiwiko, kumi kwa bega, unaangalia inakatikia wapi na kwa namna gani. Mimi hufanya. Ila jibu la shimo nalitumia upande mmoja tu. Likisema hapana, hapana. Likisema ndiyo, bado sijapewa ruhusa, kwa kuwa nimechimba mahali pamoja kwenye mteremko wenye sura elfu. Hapo narudi kwenye taarifa ya jana na kwenye pembe.

Kupima kwa fimbo mbili

Dira yenye kipimo cha mwinamo ndiyo bora: laza fimbo juu ya theluji kuelekea chini ya mteremko, weka dira juu ya fimbo, soma. Simu nayo inafanya hivyo, mpaka baridi imalize betri. Njia ninayoitumia zaidi ni ya fimbo mbili zenye urefu sawa. Zangu zina sentimita 120. Moja naishika ulalo kabisa, kama uso wa maji, ncha yake ikigusa theluji upande wa juu. Mahali mkono wangu ulipo kwenye mwisho wa fimbo hiyo, nasimamisha fimbo ya pili wima na kuiacha iteleze kiganjani hadi ncha iguse theluji. Nimezungushia utepe mwekundu sentimita 69 kutoka kwenye ncha, na mwingine sentimita 84. Utepe wa kwanza ukiwa sawa na mkono, mteremko ni digrii 30. Wa pili, 35. Ikihitajika fimbo nzima, ni 45. Kama fimbo zako zina urefu mwingine, zidisha kwa 0.58 na 0.70, tia alama zako.

Huu upimaji ufanyie ukingoni, kwenye kipande kidogo kisicho na kitu juu yake, si katikati ya mteremko unaoutilia shaka. Nimeona watu wakiingia mita thelathini ndani ili wajue kama ni salama kuingia.

Namna ya kutembea

Panda kwa migongo na upande wa joshi, hata kama njia inakuwa ndefu. Msitu unafaa ukiwa mnene kweli kweli. Miti iliyoachana kiasi cha kukupa nafasi ya kuteleza kwa raha haishikilii theluji, inangoja tu kukugonga. Kabla ya kila kipande jiulize poromoko likitokea hapa litanipeleka wapi. Korongo jembamba, kijito, genge, kundi la miti: hiyo ndiyo mitego. Poromoko dogo kwenye uwanja mpana huenda likakupitisha tu, lakini lile lile likimwagwa korongoni linakujengea kaburi la mita tatu.

Kama hakuna njia ila kuvuka kipande kinachotia shaka, na umejiridhisha kwamba kurudi si chaguo, vukeni mmoja mmoja. Mmoja anavuka bila kusimama, wengine wote wanamtazama yeye, si simu zao. Toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo. Mkanda wa kiuno wa begi unabaki umefungwa kama una begi la puto, lile linalojaa hewa ukivuta mpini ili ubaki juu ya theluji, na mpini wake uwe nje tayari. Pa kusimama na kukusanyika ni mahali ambapo poromoko halifiki hata kwa bahati mbaya: nyuma ya mwamba mkubwa, juu ya kigongo, au mbali kabisa uwandani. Kamwe si chini ya njia ya mwenzako. Kosa langu la siku ile lilikuwa hilo hilo, kuwasimamisha watu watano kwa ajili ya kamba.

Kundi liwe dogo. Watatu au wanne wanaweza kusikilizana. Mnamo tarehe 19 Februari 2012, katika jimbo la Washington, Marekani, watelezaji 16, wengi wao wakiwa wazoefu wa hali ya juu, walishuka pamoja baada ya dhoruba, watatu walikufa. Kundi kubwa namna hiyo kila mmoja hudhani mwingine ameshafikiri. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali zaidi ya 700 za Marekani akakuta jambo linalonihusu mimi kuliko wanaoanza: kwenye miteremko waliyoizoea, watu wenye mafunzo walijiweka hatarini karibu sawa na wasio na mafunzo yoyote. Kwa hiyo nina desturi ya kumpa mgeni wa kundi, yule asiyejua lolote, haki ya kusema turudi, na tunarudi bila kumuuliza sababu. Msimu uliopita kijana mmoja aliitumia mara mbili kwa siku moja. Mara ya pili nilikasirika moyoni. Tulirudi.

Mtu akifukiwa

Kila mmoja awe na vitu vitatu: bikoni mwilini (kifaa kidogo cha redio kinachotuma mawimbi na kuyapokea ya wengine), ufito wa kuchokolea wa mita 2.4 au zaidi, na koleo la chuma. La plastiki halichimbi. Theluji ya poromoko ikisimama inashikana kama saruji. Bikoni zote za kisasa hutumia mawimbi ya kilohezi 457, kwa hiyo kampuni yoyote inasikia nyingine. Iwashwe kabla hamjaondoka, ivaliwe chini ya koti na si begini, na simu ikae mbali nayo angalau sentimita 20, au 50 wakati wa kutafuta. Asubuhi mnapitana mmoja mmoja kuhakikisha kila moja inatuma na inapokea.

Ukishikwa: piga kelele, jaribu kukimbilia pembeni, vuta puto, tupa fimbo, pigania kubaki juu. Unapohisi mwendo unapungua, leta mikono usoni utengeneze nafasi ya hewa mbele ya mdomo. Ikishasimama huwezi kusogeza hata kidole.

Mliobaki juu, ninyi ndio waokoaji. Ndani ya dakika 10 za kwanza, takriban tisa kati ya kumi hutolewa hai, wale ambao hawakuuawa na miti au mawe. Ikifika nusu saa wanabaki kama theluthi. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Kwa hiyo mtu mmoja achukue uongozi kwa sauti, wengine wakariri pale mwenzenu alipoonekana mara ya mwisho, muangalie juu kama kuna kingine kinachoweza kushuka, kisha kila bikoni igeuzwe kutafuta. Iliyosahauliwa ikituma itawapotezea dakika. Simu ipigwe na asiye na kazi.

Anzieni alipoonekana mwisho kwenda chini, mkiachana mita 40 hivi, macho yakitafuta glavu, fimbo, chochote kilicho juu. Namba ya bikoni, yaani umbali wa takriban mita, ikishuka hadi 3, punguza mwendo, shusha kifaa hadi usoni mwa theluji, tafuta namba ndogo kuliko zote kwa msalaba, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Hapo choma ufito, wima kwa uso wa theluji, kwa mzunguko unaopanuka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ukigusa mtu utajua. Inarudisha mkono kwa ulaini. Acha ufito hapo hapo. Usichimbe juu ya kichwa chake: shuka chini ya mteremko kwa umbali sawa na kina ulichosoma, chimbeni kuingia kwake, wa mbele akikata na wa nyuma akisukuma theluji nje, mkipokezana kila dakika moja kabla pumzi haijaisha.

Wa kwetu alikuwa kina cha sentimita 80. Dakika tisa, kwa saa ya mkono ya mmoja wetu, ambaye aliitazama tu kwa mazoea. Midomo ilikuwa ya zambarau na kinywa kimejaa theluji. Safisha kinywa na pua kwanza, achia kifua kipumue, kisha ndipo uchimbe mwili. Asipopumua, mpulizie pumzi hapo hapo kabla hata ya kumtoa miguu, maana kilichomkosa ni hewa. Wetu alikohoa mwenyewe. Kisha mfunike: anayetoka kwenye theluji anapoteza joto haraka kuliko akiwa ndani.

Zoezi hili tulikuwa tumelifanya mara tano msimu ule, tukizika begi lenye bikoni. Sasa hivi nalifanya kila mwezi, na nachagua siku ya baridi mbaya, glavu zikiwa zimelowa.

Jua likishapanda

Siku ya jua ina saa yake. Theluji mpya upande unaotazama jua hulegea kuanzia kati ya asubuhi na adhuhuri, wakati mwingine mapema zaidi. Natoka gizani, na saa ya kugeuka nakubaliana nayo na wenzangu kabla ya kufunga skii. Ikifika tunageuka tulipo, hata kilele kikiwa mita hamsini. Njia ya kurudi isipite chini ya kitu ambacho asubuhi kilikuwa kivulini na mchana kiko juani. Watu husahau hilo kwa sababu asubuhi palikuwa shwari.

Bikoni naizima nikishavua viatu. Kisha kwenye daftari naandika mistari michache: theluji mpya kiasi gani, upepo kutoka wapi, vumu tulisikia wapi, pembe tulizopita. Likiwepo tabaka la umande ulioganda lililofunikwa, nalipa tarehe yake na alama ya kuuliza pembeni, na alama hiyo siifuti mpaka taarifa za kila siku ziache kulitaja. Ya msimu uliopita ilikaa siku 41.